Mto Cam ndo uliopewa jina na mji

Mhariri, salaam. Ile makala yenu ya kutembelea Uingereza nimeisoma yote na imeandikwa vizuri tu, ila pale mwandishi anaposema Cambridge imeitwa hivyo kwa sababu ya mto Cam, hapana jamani, ni kinyume chake, mto ndo uliochukua jina kwa mji.

Zamani mto wenyewe ulikuwa Granta. Hapo penye daraja pakaitwa Grantebrycge, yaani daraja la Granta, na jina hilo limo kwenye kumbukumbu za Waingereza za mwaka 875, jeshi la Wadenmark lilipopiga kambi pale. Wanormani, watu wa kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka nchi mwaka 1066 matamshi yakaanza kuyumba, mara Cantebrigge, mara hivi mara vile, mpaka ikatulia Cambridge (jina ambalo wazee wetu kibao wanalo kwenye vyeti vyao vya sekondari), basi watu wakapiga hesabu ya kinyumenyume, kama mji ni Cambridge mto si utakuwa Cam! Ndo ikawa hivyo. Na wala siyo huo peke yake, mto Arun kule Sussex ulikuwa Tarrant, ukaja kubatizwa upya kwa kufuata mji wa Arundel.

Lingine, picha zote mlizoweka ni watalii kwenye vimashua vya upondo nyuma ya vyuo, mtu anaweza kudhani mto unaanzia hapo na kuishia hapo hapo. Tawi moja, Rhee, linatoka kwenye chemchemi za Ashwell huko Hertfordshire, jingine linatokea Essex, yanakutana kabla ya Grantchester, kijiji ambacho bado kimebeba lile jina la zamani, ndo unaingia mjini. Ukishapita Jesus Lock, lile lango la kupandisha na kushusha vyombo mtoni, vimashua vya watalii huvioni tena, ni wapiga makasia wa vyuo, halafu zinaanza tambarare za Fens, huko sehemu nyingine mashamba yako chini kuliko maji ya mto, kingo ndo zinazoyazuia. Kabla hata ya kufika Ely, pale Pope's Corner, Cam inamezwa na mto mkubwa zaidi, Great Ouse, na huo ndo unaopita King's Lynn na kumwaga maji kwenye ghuba ya Wash.

Naomba mrekebishe toleo lijalo, na mkipata nafasi wekeni ramani ya mto mzima, picha za vyuo tumeshaziona za kutosha.

Msomaji wenu, Morogoro