Sungura akitoka kuhasiwa, angalia tumbo kabla ya kidonda

Wateja wengi wakileta sungura kuhasiwa swali la kwanza ni kidonda, kitapona lini, nyuzi zinatolewa lini, akilamba itakuaje. Swali zuri na tutalijibu hapo chini, ila sungura wanaotupa presha baada ya oparesheni mara nyingi kidonda chao kiko safi kabisa, shida iko tumboni. Utumbo wa sungura unatakiwa ufanye kazi muda wote, mchana na usiku. Ukisimama masaa mengi gesi inajaa, anaumwa, na kwa sababu anaumwa anakataa kula, na kwa sababu hali chakula utumbo unazidi kusimama, hali hiyo ikiachwa inaweza kumuua kwa siku moja au mbili tu. Ndo maana karibu kila kitu tunachokuelekeza hapa kinarudi kwenye kula.

Tuanze na kabla ya kuja. Usimlaze njaa tafadhali. Mbwa na paka wananyimwa chakula usiku kwa sababu wakiwa kwenye nusukaputi wanaweza kutapika kikaingia kwenye mapafu, lakini sungura hawezi kutapika kabisa, mwili wake haukuumbwa hivo. Ale usiku, ale asubuhi, na kwenye boksi la kumbebea weka nyasi kavu aje anatafuna njiani. Sisi wenyewe tutahakikisha mdomo hauna chakula kabla ya kumpa dawa ya usingizi. Mtu akikwambia umfungishe sungura tangu jana yake tupigie simu kwanza kabla hujatoa bakuli. Halafu njoo na chakula chake alichozoea, peleti zake na majani anayoyapenda zaidi, maana akiamka tunataka aone kitu anachokijua. Wiki hiyo usimbadilishie chakula.

Kuhusu umri, dume tunamhasi korodani zikishashuka, kwa wengi ni kwenye miezi 4 hivi, jike tunapenda afike miezi 5 au 6. Kuna watu wanauliza jike anaekaa peke yake ana haja gani ya kutolewa kizazi wakati hawezi kupata mimba. Haja ipo tena kubwa, jike asiyehasiwa akivuka miaka 4 hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi inapanda sana, na mara nyingi mwenye sungura anakuja kushtuka akiona damu kwenye mkojo. Mimba za uongo nazo zinawasumbua, anajing'oa manyoya anatengeneza kiota cha watoto ambao hawapo.

Hatari ya nusukaputi hatutaificha. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza na kuchapishwa 2008 ulionyesha kwamba kwa sungura vifo vinavyohusiana na nusukaputi ni kama asilimia 1.4 kwa jumla, na kwa sungura wenye afya nzuri ni chini ya asilimia 1, wakati mbwa na paka wote wako chini ya asilimia 0.3. Kwa hiyo tukimpima uzito, tukasikiliza kifua na kuangalia meno kabla ya kukupa tarehe, ni kwa ajili hiyo, dozi inafuata uzito wake halisi, na sungura mwenye mafua au anayeharisha tunamrudisha nyumbani atibiwe kwanza hata kama umetoka mbali. Tunajua inaudhi, ila hatutabadilisha.

Nyumbani andaa sehemu yake kabla hujamleta. Keji iwe ya chini, bila ngazi wala ghorofa, akiruka anaweza kufungua mshono hasa jike ambaye amekatwa tumboni. Maranda yote toa, yanaganda kwenye kidonda na vumbi lake halifai, tandika taulo safi au magazeti. Maji weka kwenye bakuli hata kama amezoea chupa, akiwa amechoka anakunywa vizuri zaidi kwenye bakuli. Na kama ana mwenzake waliozoeana njoo nao wote wawili, wakitenganishwa halafu mmoja akarudi ananuka hospitali wanaweza kupigana kama hawajawahi kuonana.

Sasa usiku wa kwanza. Atakua amelegea kidogo, hilo lisikutishe. Mpe joto, chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kwenye kitambaa, na umwachie nafasi ya kusogea akisikia joto limezidi. Muwekee nyasi na majani mbele ya pua kabisa asitembee kufuata. Halafu angalia vitu viwili tu, amekula nini na amekunya nini. Vinyesi vya mwanzo vinaweza kuwa vichache na vidogo, sawa, tunachotaka ni viwepo na viendelee kuongezeka. Akifikisha masaa 12 hajagusa chakula au hakuna kinyesi hata kimoja, piga simu hata kama ni saa nane usiku, usisubiri kupambazuke. Tunaweza kukuelekeza umlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, peleti zilizolowekwa zikapondwa hadi kuwa uji, unamfunga taulo, unapitisha pembeni ya mdomo nyuma ya meno ya mbele, kidogo kidogo ukimpa muda wa kumeza, na usimlaze chali. Lakini tuulize kwanza, kwa sababu tumbo likiwa limevimba na gumu kumlazimisha chakula kunaongeza tatizo.

Dawa ya maumivu tuliyokupa mpe mpaka iishe kwa siku tulizoandika. Hapa ndipo watu wengi wanapoacha njiani wakisema mbona yuko mzima. Sungura ni mnyama wa kuwindwa, anaficha maumivu kwa bidii zake zote, ukitaka kumjua mtazame akiwa hajui unamtazama: amejikunyata, macho nusu, anasaga meno kwa sauti, au anakandamiza tumbo sakafuni. Dawa za maumivu za binadamu usimpe. Na antibayotiki zilizobaki kwenye droo ndo kabisa, amoksilini ya kunywa ambayo kwa mtoto wako ni dawa ya kawaida kwa sungura inaua bakteria wazuri wa tumboni na anaweza kufa.

Kidonda chenyewe kiangalie asubuhi na jioni. Dume mfuko wa korodani unaweza kuvimba siku moja mbili kisha unanywea, wala usishangae. Ukizidi kuvimba, ukawa wa moto, ukatoa usaha au harufu, mlete. Usipake spiriti, usimwogeshe. Ukiinua mkia kagua pia kama kuna unyevu au inzi wanamzengea, mayai ya inzi yanageuka funza ndani ya siku moja na funza wanakula nyama hai, hiyo ni dharura. Ile kola ya plastiki ya shingoni hatuipendi kwa sungura, inamzuia kufikia kinyesi chake laini ambacho anatakiwa akile moja kwa moja kutoka nyuma, na wengi wakivalishwa wanaacha kula. Dume mpumzishe kama wiki moja, jike siku 10 hadi 14, hakuna kukimbizana wala kupanda makochi.

Dume akishahasiwa bado ana mbegu zilizobaki, anaweza kumpa jike mimba hadi wiki 6 baadae, kwa hiyo mtenge na majike ambao hawajahasiwa kipindi chote hicho hata kama anaonekana amepoa. Tabia za kupanda na kurusha mkojo nazo zinaisha taratibu kwa wiki kadhaa kadiri homoni zinavyoshuka.

Ukitupigia usiku tuambie mambo haya moja kwa moja: amekula lini mara ya mwisho, kinyesi cha mwisho ni lini na kilikuaje, dawa ipi umempa saa ngapi, na ukimgusa masikio ni ya baridi au ya moto.