Hesabu ya Mvamizi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Barua yako imenifikia na nimefurahi kusikia kwamba nyote hamjambo. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu.

Ila kuna neno uliloandika limeninyima raha. Umesema nchi yenye jeshi kubwa ikiitaka ardhi ya jirani huichukua tu, dunia ikapiga kelele wiki mbili, kisha watu wakazoea. Nimeona nikujibu kwa kirefu, maana nakuheshimu, na jambo lenyewe ni la roho za watu.

Kuchukua, ndiyo, mara nyingi wanachukua. Hapo sibishani nawe. Napoleon wa Ufaransa aliingia Moscow, huko Urusi, Septemba 1812. Idi Amin alitangaza tarehe 1 Novemba 1978 kwamba ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto Kagera sasa ni ya Uganda. Ukiyatazama mambo siku hiyo hiyo tu, kila mmoja wao ni mshindi. Lakini vita havikomi siku anayoitaka aliyevianzisha.

Nianze na Amin, maana huyo tunamjua. Jeshi lake lilikuwa limeshaanza kupasuka kabla hata ya kuvuka mpaka. Kulikuwa na maasi kambini, na makamu wake, Mustafa Adrisi, alikuwa ameumia katika ajali ya gari iliyozua maneno mengi. Wako wanaosema aliwapeleka askari nje ili wasimgeukie yeye. Walipofika Kagera walifanya nini? Waliua raia, wakabaka, wakaiba. Walibeba ng'ombe, magari, matrekta, mashine za viwandani, mpaka vyombo vya ndani. Jeshi lenye akili lingechimba mahandaki na kujipanga. Hili lilikuwa linahesabu mali. Nakuomba ulitafakari hilo, rafiki yangu, kwa sababu askari aliyeonja utajiri wa kupora ana kitu cha kukimbia nacho, na askari wa namna hiyo hasimami mizinga inapoanza kulia.

Unayakumbuka maneno ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba: "Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Na nia ya kumpiga tunayo." Nimeyasikia mara nyingi, na kila mara nabaki kwenye sababu. Tanzania ilikuwa nchi maskini, na uwezo ulibidi utafutwe kwa jasho: mgambo wakaitwa vijijini, malori ya watu binafsi na mabasi yakachukuliwa. Sababu haikutafutwa. Amin aliileta mwenyewe mpaka mlangoni. Miaka yote alikuwa akimtukana Mwalimu na hakuna mkulima aliyeacha jembe kwa ajili hiyo. Alipoua watu wa Kagera, waliacha jembe.

Majeshi yake yalikuwa yamelilipua daraja la Kyaka ili wasifuatwe. Watanzania wakavuka kwa madaraja ya muda. Februari 1979 Masaka na Mbarara zikaanguka, na miji hiyo ikabomolewa vibaya, kwa hasira ya yaliyotendeka Kagera. Watu wa Masaka hawakumtuma mtu akaibe ng'ombe wa Watanzania, lakini nyumba zilizobomoka zilikuwa zao. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walipigwa Lukaya mwezi Machi. Tarehe 11 Aprili Kampala ikawa mikononi mwa Watanzania na Waganda waliopigana pamoja nao. Kutoka kutangaza ardhi mpya hadi kupoteza nchi nzima haikupita nusu mwaka. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akafia Jeddah mwaka 2003. Uganda aliyoiacha iliingia kwenye vita vingine vya wenyewe kwa wenyewe ndani ya miaka miwili.

Tena sisemi kwamba aliyevamiwa alitoka salama. Tanzania iliambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18, na mkanda ule ulifungwa kwa miaka mingi. Ndiyo maana naumia mtu akiuzungumzia uvamizi kama biashara ya mwenye nguvu. Nani alipata faida pale? Nionyeshe mmoja.

Utaniambia Amin alikuwa mtu wa ovyo, tumchukue aliyejipanga. Haya, mchukue Saddam Hussein, rais wa Iraq. Septemba 1980 alisimama mbele ya kamera za televisheni akalivunja patano la Algiers la 1975, lililoweka mpaka wa Iraq na Iran kwenye mto Shatt al-Arab, na siku chache baadaye majeshi yake yakaingia Iran. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa nzuri. Iran ilikuwa imetoka kwenye mapinduzi, maofisa wake wa jeshi wameuawa, wamefungwa au wamekimbia, viongozi wanagombana. Uvamizi ndio uliowakusanya. Marubani waliokuwa jela walitolewa wakarushe ndege kuitetea nchi ile ile iliyowafunga. Khorramshahr, mji ambao Iraq iliuteka kwa damu nyingi, ulirudi mikononi mwa Iran Mei 1982, na bado vita viliendelea hadi Agosti 1988. Walikufa watu kwa mamia ya maelfu, na mpaka ukabaki pale pale.

Iraq ikabaki na madeni makubwa, mengine ikidaiwa na Kuwait. Basi tarehe 2 Agosti 1990 Saddam akaivamia Kuwait. Na mwezi huo huo, ili apate kutoa askari wake upande wa Iran, akamwandikia rais wa Iran kwamba amelikubali tena patano la 1975. Lile lile! Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa tu. Vijana wote wale walikufa miaka minane kwa ajili ya karatasi ambayo mkubwa wao aliirudia mwenyewe alipoihitaji.

Kuwait nayo hakukaa nayo hata mwaka. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa juu ya Iraq vikadumu mpaka 2003. Dinari ikaporomoka, mshahara wa mwalimu ukawa haununui kitu. Huko Baghdad kuna mtaa wa wauza vitabu, Mutanabbi, na miaka ile wasomi walikuwa wakipeleka huko maktaba zao za nyumbani na kuvitandaza vitabu chini wapate hela ya chakula. Mimi hapo ndipo naiona gharama ya uvamizi waziwazi kuliko kwenye picha ya kifaru kilichoungua. Mtu huyo hakuvamia nchi ya mtu. Analipa kitabu kimoja kimoja.

Wasovieti wanajulikana, sitarefusha. Waliingia Afghanistan Desemba 1979, wakatoka Februari 1989 wakiwa wamezika askari wapatao 15,000, na serikali waliyoenda kuilinda ilianguka mwaka 1992, wakati Muungano wao wenyewe umeshakufa.

Nakubali wapo waliovamia na wakabaki na ardhi. Lakini ukichunguza utakuta nyumbani kwao kuna vijana wasio na miguu, magazeti yanayoogopa kuandika, na bajeti ambayo kila mwaka jeshi linakula kwanza, shule na zahanati zikingoja makombo.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na mama umwambie namkumbuka katika sala. Ukinijibu, na nakuomba unijibu, usinihesabie vifaru wala ndege za huyo unayemwona ana nguvu. Niandikie ni vijana wa nani watakaotumwa kuilinda hiyo ardhi baada ya kuichukua, watakaa huko miaka mingapi, na mishahara yao itatoka kwenye fungu gani.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.