Anayetoka gerezani na ARV asipotelee njiani

Mhariri,

Mfungwa mwenye VVU akimaliza kifungo Gereza la Uyui hapa Tabora, hurudi kwao Urambo, Sikonge, pengine Uvinza. Gerezani dawa ilimfuata. Nje aitafute mwenyewe, hana nauli, na jamii inamkodolea macho. Akiacha ARV, virusi huongezeka tena ndani ya wiki chache.

Naomba, kwa ridhaa yake, taarifa zake zitumwe kwa kompyuta hadi CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU) ya karibu na kwao kabla hajaachiwa, na mhudumu ampigie wiki hiyohiyo. Ujumbe wa kumkumbusha kliniki usitaje ugonjwa kamwe! Simu ya kitochi hushikwa na nyumba nzima. Asiye na simu aunganishwe na mhudumu wa afya wa kijijini kwao.

Msomaji wako,
Ipuli, Tabora