Kwanini unalipia kupima dainamo hata ikifeli

Lawama ni ileile kila mwezi. Mtu kaokota dainamo kubwa ya Lucas (ile inayozungushwa na injini kuchaji betri) huko mtaani, analeta Land Rover yake tufunge, tunapima inafeli, halafu anauliza kwanini adaiwe hela kwa kitu kibovu. Juzi bosi mmoja kasema wazi tumemwibia. Imeniuma, ngoja nieleze.

Land Rover 109 (zile ndefu) nyingi za zamani zina dainamo ndogo ya C40, ampea 22, na hizo unazipata injini ikiwa mbio, sio ikiunguruma polepole sailensa. Sasa piga hesabu, hedilaiti mbili za wati 60 ni ampea 10, spotilaiti mbili za wati 55 ni zaidi ya 9, weka koili, waipa, taa za nyuma, umeshapita. Ndio maana watu wa Karatu na Monduli wanaotembea usiku wanatafuta ile kubwa, C40L ya ampea 25, na hawajakosea.

Ila lazima ipande benchi la kupimia. Kwanza tunaipa betri kwenye pini zake mbili pamoja, D ya kutolea umeme na F ya fildi, izunguke yenyewe kama mota, ikisitasita tunarudi kwenye kaboni na komyuteta (ile ringi ya shaba kaboni zinaposugulia). Halafu tunaizungusha sisi, D na F zimeunganishwa, mita inatakiwa ipande chapchap bila kuyumba na hatuipitishi volti 20. Ikiganda kwenye nusu volti au 1 tunashuku fildi koili (nyaya za sumaku zilizotulia kwenye ganda), ikiganda kwenye 4 au 5 tunashuku amecha (ile ya katikati inayozunguka). Mwisho ndio mzigo, tunaiwashia taa mpaka itoe 25 zake na tunaiacha ipate moto kweli, maana nyingi zikiwa baridi zinakudanganya, zikichemka ampea zinaanza kushuka. Huo muda na umeme vinatumika ipite isipite.

Wengi wanakimbilia njia ya mkato, fundi wa pembeni anakaza skrubu ya regyuleta, yaani boksi linalopima chaji ya dainamo, ili ile dainamo ndogo "iongezeke nguvu". Haiongezeki, inaungua! Kuna pikapu ya shamba ilikuja hivyo, betri imekauka maji, tukafungua dainamo tukakuta risasi ya kulehemu nyaya za amecha imeyeyuka na kurushwa, matone yamegandia ndani ya ganda pande zote. Mwenye gari kalipia kusuka amecha na betri mpya juu, wakati kupima kungemgharimu kidogo sana.

Na usifunge ile kubwa ukaacha boksi la regyuleta kama lilivyo. Kama ni RB340 ya koili tatu ile ya kati ndiyo inayozuia ampea na inasetiwa kufuata dainamo, ukiiacha kwenye 22 basi umenunua 25 unatumia 22. Tena Land Rover za kabla ya 1967 ethi yake ni chanya, yaani bodi imefungwa kwenye chanya ya betri, dainamo ikitoka gari ya ethi hasi lazima F iguswe kidogo na waya wenye umeme wa betri kwanza ishike upande wake. Jamaa mmoja alijifungia mwenyewe bila kufanya hivyo, pointi za katauti (swichi ya ndani ya boksi inayounganisha dainamo na betri) zikagandana palepale na waya zikaanza kutoa moshi, bahati aliwahi kuchomoa betri.

Kwahiyo mkija leteni dainamo pamoja na boksi lake, na mje asubuhi maana mzigo hatuukatishi njiani. Ukitaka kukaa hapo benchi usome mita kwa macho yako karibu sana, kiti kipo.