Maji mekundu ya chumvi si dawa ya macho, jamani

Mhariri, salaam.

Mimi ni fundi wa maabara, mzaliwa wa Uvinza, sasa hivi naishi hapa Kigoma mjini. Wiki iliyopita nimemkuta mama yangu mdogo anaosha macho na maji mekundu ambayo kaletewa na mtu kwenye chupa ya soda, kayachota kwenye mabwawa ya kukaushia chumvi kule Uvinza. Nikamwambia shikamoo mama, hii nini tena? Akanijibu, mwanangu we si ndo umesoma, hukusikia kwamba vijidudu vya chumvi vinarudisha macho? Kumbe habari imezagaa kwenye magrupu ya simu, wengine wanauziana kabisa. Ndo maana naandika, naomba mnitolee hii barua mapema.

Kwanza hiyo habari ya macho. Ni kweli mwaka 2021 watafiti wa Ulaya walieleza juu ya mwanaume aliyekuwa kipofu miaka mingi kwa ugonjwa wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, akaweza kutambua vitu vilivyowekwa mezani mbele yake. Ila kilichotumika ni jeni ya protini inayohisi mwanga ambayo asili yake ni mwani, wala si hivi vijidudu vyetu, ikapelekwa na kirusi kisicho na madhara kwa sindano ndani ya jicho, na hata hapo haoni mpaka avae miwani maalum inayogeuza picha kuwa mwanga wa rangi moja. Hakuna aliyemwagiwa maji ya chumvi. Maji ya yale mabwawa yanapokaribia kuganda yanakuwa na chumvi karibu mara saba ya bahari, sasa weka hiyo kwenye jicho la mama wa miaka 60.

Lakini sitaki watu waruke upande wa pili waseme basi ule wekundu ni uchafu. Sio uchafu. Ni viumbe hai, vinafanana na bakteria ila ni ukoo mwingine kabisa, wataalamu wanaviita akea, na haviwezi kuishi bila chumvi nyingi. Mwaka 1971 Dieter Oesterhelt na Walther Stoeckenius walionyesha kwamba kimoja cha hivi viumbe kina protini ya zambarau kwenye utando wake, wakaiita bakteriorodopsini, na ndani yake imeshika retinali, ambayo ni ndugu wa vitamini A, ile ile inayofanya kazi kwenye jicho la binadamu. Sisi watu wa Kigoma tunaelewa haraka hapa: rangi ya mawese yetu inatokana na karotini, mwili unaikata karotini unapata vitamini A, na hicho kijidudu nacho kinaikata hivyo hivyo kinapata retinali yake. Mwanga ukiipiga hiyo protini, inasukuma protoni, yaani chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme, nje, kijidudu kinapata nguvu, yaani kama sola juu ya bati.

Sasa hapa ndo watu wanapokosea. Ukiona maji mekundu usiseme nimeona ile protini. Wekundu mwingi unatoka kwenye rangi nyingine, bakterioruberini, na mabwawa ya Uvinza yana nini hasa ndani huwezi kujua kwa macho, lazima usafishe halafu ulinganishe na protini zinazojulikana. Kusafisha kwenyewe mwanzo wake ni rahisi ajabu. Unakusanya vijidudu, unaviweka kwenye maji distildi, vinapasuka palepale kwa kukosa chumvi, na ule mchanganyiko unakuwa mzito unavutika kama mlenda, hiyo ni DNA imemwagika, unaweka kimeng'enya cha kuikata ndo unaweza kuendelea. Halafu sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha kwa kasi, unaosha, unarudia, mwisho unapitisha kwenye tabaka za maji ya sukari, unaona mkanda wa zambarau umekaa peke yake kwenye tyubu. Nilipouona mara ya kwanza nilisimama tu naangalia. Ukipima mwanga unaonyonywa kwenye nanomita 280 na kwenye 560, uwiano wa ule wa kwanza kwa wa pili ukishuka mpaka karibu 2, basi ni safi.

Hiyo ni ile ya zambarau, inajipanga yenyewe kwenye utando kama vigae ndo maana inakubali kusafishwa kirahisi. Ndugu zake hazikubali hivyo, halorodopsini inayoingiza kloraidi ndani, na rodopsini za kuhisi zinazokielekeza kijidudu kwenye mwanga au kukikimbiza, hizo ni chache, unahitaji sabuni laini ya kuzitoa kwenye utando na safu, yaani bomba lenye chembe za kuchujia, ya kuzikamata, na sabuni ikiwa kali unaua rangi yote.

Na kulinganisha kuna mtego. Nikiwa chuoni nilipima sampuli mbili, moja kilele chake, yaani pale inaponyonya mwanga zaidi, nanomita 568, nyingine 558, nikaandika kabisa kwenye daftari kwamba ni protini mbili tofauti. Ilikuwa ni ile ile moja. Ya kwanza ilikaa dirishani, ya pili ilikaa kwenye kabati gizani usiku mzima, na ikikaa gizani kilele kinasogea. Tangu siku hiyo silinganishi kitu mpaka chumvi iwe sawa, asidi iwe sawa, na zote ziwe zimepigwa mwanga muda ule ule.

Uvinza wametengeneza chumvi zaidi ya miaka 1,000, reli inapita pale pale, na mtoto wa sekondari pale hajawahi kuambiwa yale maji yana uhai. Walimu wa bailojia naombeni muanze na chupa mbili tu, zote maji ya bwawani, moja iacheni, nyingine ongezeni maji safi ya kutosha, wanafunzi waangalie matone yake kwenye hadubini. Na vyuo vyetu vije vichukue sampuli, visafishe hapa hapa nchini, tujue tuna nini.

Mama mdogo nimempeleka kliniki ya macho juzi, ni mtoto wa jicho, kapangiwa upasuaji mwezi ujao. Ile chupa ya soda nimemnyang'anya, ninayo hapa dirishani, chini chumvi imeganda na maji bado mekundu.

Msomaji wenu,
Kigoma