Mwanangu, utafikia kwa nani?

Ngamiani, Tanga
Alhamisi usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, alhamdulillah, goti la bibi yako ndilo hilo hilo. Barua hii nimeitia ndani ya furushi kwa sababu kwenye simu nikikusikia tu nasahau nililotaka kusema, na wewe kila mara una haraka, salio linaisha.

Nakuuliza tena. Ukishuka Mpanda utafikia kwa nani?

Umeniambia kituo cha afya ulichopangiwa kazi kina nyumba za watumishi. Nyumba si mtu. Basi likiharibika njiani ukaingia saa 6 usiku, nani atakufungulia mlango? Shangazi yako anasema mtoto ana miaka 25, ana cheti chake, muache aende. Aende, lakini kwa nani?

Mpanda nilikuwa sijui hata iko upande gani. Nilimuuliza mwalimu aliyepanga chumba cha uani, akanichorea kwenye daftari langu la madeni ya vitumbua: kutoka Dar treni ya umeme mpaka Dodoma, halafu basi mpaka Tabora, halafu Sikonge, halafu msitu, msitu, halafu ndio wewe. Akanambia mkoa wenyewe wa Katavi umeanza mwaka 2012. Ulikuwa darasa la sita. Ukurasa ule sijauchana. Nyuma yake yako madeni ya watu wa barabara ya 12, kwa hiyo kila nikidai mtu nakuona na wewe.

Sikukatazi safari. Lishike hilo, sikukatazi. Yule mtu aliyekupigia mwezi uliopita kukuuliza kama ni kweli una pumu, usimlaumu, na usiseme wamechanganya mafaili. Hakulitunga yeye, lilitoka kwangu. Na bati la jikoni, kabla hujauliza, bado halijabadilishwa. Hela uliyotuma ilipita njia nyingine na haikuleta kitu. Mvua ikinyesha naweka sufuria. Tuliache hapo.

Jumatatu kwenye darsa ustadhi alitusomea Suratul Qasas, aya ya 7, habari ya mama yake Nabii Musa. Aya hiyo naijua tangu niko chuoni, lakini sijapata kuisikia hivyo. Akatuhesabia kwa vidole. Ndani ya aya hiyo moja Mwenyezi Mungu kamwamrisha yule mama mambo mawili: mnyonyeshe, na ukimhofia mtie mtoni. Kamkataza mawili: usiogope, usihuzunike. Halafu kampa bishara mbili: tutamrudisha kwako, na tutamfanya katika Mitume. Mimi, mwanangu, nilikuwa nimenasa pale pa kumtia mtoni. Tangu majina ya ajira yatoke nimenasa hapo hapo, nalala nalo, naamka nalo. Bishara nilikuwa sizifikii.

Nikatoka darsani uso wangu umekunjuka hata mwenye duka la kona akaniuliza kulikoni. Nikamwambia mwanangu kaajiriwa, ni muuguzi wa serikali, anakwenda Mpanda. Ndiyo mara ya kwanza nalisema hivyo. Siku zote nilikuwa nawaambia watu "wamempeleka Mpanda," kama vile umefungwa. Tangu siku hiyo naulizia habari za huko. Wananambia kuna asali nzuri sana. Nikija kukutazama nitataka niionje, na chupa moja ya kurudi nayo.

Lakini usidhani yule mama aliketi tu. Soma aya ya 11. Alimwambia dada yake Musa, mfuatilie. Mtoto keshamtia mtoni, ahadi ya Mola wake anayo, na bado katuma mtu akaangalie. Kwa hiyo usinambie tena kwamba nikiuliza utafikia kwa nani nimekosa tawakali. Tawakali ninayo. Nataka na jina la mtu na namba ya simu.

Habari ya babu yako na umanamba wake, kibarua cha mashamba ya mkonge, unaijua, sirudii. Kile kipande chake, kadi yenye visanduku 30 vya siku za kazi, umekichezea wewe mwenyewe. Ila kuna jambo sikukwambia. Tangu alipotoka Buha, huko Kigoma, kuja kukata mkonge huku, hakupeleka salamu kwao hata mara moja. Mwanzo alisubiri apate hela, halafu akaona haya kwa kukawia, halafu miaka ikapita. Mama yake alikufa hajui kama mwanawe yu hai, wala kwamba alifikia kwa watu wema waliomtunza. Babu yako alinieleza haya akiwa kitandani, maji ya kunywa yanamshinda. Mimi sitaki kuwa yule bibi. Ukishapokelewa vizuri na usinambie, kwangu ni sawa na hujapokelewa.

Jambo jingine. Ulimi wako ni mkali, na kwa mgonjwa ukali haufai. Usimfokee mzazi aliye kwenye uchungu. Siku nakuzaa wewe nilifokewa, na maneno yale nayakumbuka mpaka leo kuliko uchungu wenyewe. Lakini nilikuona ulivyomuosha bibi yako alipoanguka, nikajua mikono unayo.

Kwenye furushi mna chandarua, kanga doti mbili, nguru mkavu na nazi nne. Nguru nimemfunga kwenye gazeti na nailoni juu, mtoe ukifika tu, nguo zisinuke. Mafuta ya nazi yako kwenye chupa ya juisi, kizibo nimekikaza kwa mpira, usiilaze. Mdogo wako anadaiwa hela ya mtihani, usitume, kikoba chetu kinagawana mwisho wa mwezi. Nitanunua na chuma cha pili cha vitumbua, hiki kimoja kinanichelewesha, watoto wa shule wanapita kabla sijamaliza.

Yule mwalimu anasema kuna mtu alisoma naye chuo, mwanamke, yuko Mpanda na watoto wake. Yuko tayari kumpigia. Nimemwambia asubiri, huenda wewe unaye wako. Una siku 14 za kuripoti na tatu zimeshakwenda. Nijibu kabla ya Jumapili.

Mama yako

Nimesahau: nazi moja ina ufa, ianze hiyo.