Shukrani kwa mzee tuliyekutana duka la spea, Kariakoo

Mzee wangu, shikamoo popote ulipo. Jina sikukuuliza, na niliporudi dukani kukutafuta nikaambiwa ulikuwa mteja tu kama mimi.

Nilifuata kapasita (vile vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme) za redio ya marehemu babu, Philips ya miaka ya 1950 inayotumia valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti, iliyobaki kunguruma tu. Muuzaji alishanifungia zile kubwa za kuchuja umeme. Wewe ukauliza: je, ile ndogo ya karatasi, inayopitisha sauti kwenda kwenye gridi (wavu wa ndani unaoongoza mkondo) ya valvu ya mwisho inayosukuma spika, aina ya EL84? Ukanieleza kuwa karatasi ikishanyonya unyevu (na joto la Dar tunalijua), kapasita huvujisha umeme hadi kwenye gridi, valvu ikavuta umeme kupita kiasi na kuungua, pengine na transfoma ya spika ikaifuata. Muungurumo ni kero tu. Muuaji ni huo uvujaji. Ukanichagulia ya plastiki, mikrofaradi 0.01, volti 630.

Kilichonigusa zaidi ni pale uliponielekeza kupasha moto ganda la kapasita ya zamani, kutoa vya ndani, kutia kapasita mpya na kuziba kwa nta, ili redio ibaki na sura yake ya kiwandani. Mafundi wengi hawana subira hiyo. Tena ukasisitiza niiwashe kwanza kupitia balbu iliyounganishwa kwa mfululizo kwenye waya wa umeme, ili kukiwa na hitilafu balbu izuie umeme mwingi usiingie redioni.

Redio inasema, mzee. Bibi ndiye anayezungusha stesheni, hataki mwingine aiguse. Anakusalimu sana. Ahsante.